Dume asiye na baba

Nyuki dume hana baba. Ametoka kwenye yai ambalo halikurutubishwa, kwa hiyo urithi wake wote ni wa mama: kromosomu 16, seti moja basi. Dada zake, yaani malkia na vibarua, hutoka kwenye mayai yaliyorutubishwa, nao wana 32. Nyigu na sisimizi nao wako hivyohivyo. Yupo sisimizi wa Australia, Myrmecia croslandi, ambaye kibarua wake ana kromosomu 2 na dume wake ana 1. Moja! Chini ya hapo hakuna pa kwenda.

Ajabu ni kwamba dume huyu asiye na baba ana babu mzaa mama. Yeye mwenyewe hawezi kuzaa mtoto wa kiume; huzaa mabinti tu, na wajukuu wa kiume hupatikana kupitia mabinti hao. Na kwa kuwa ana seti moja ya kromosomu, mbegu zake zote ni nakala za urithi uleule. Mimi ni mtu wa jenetiki ya wadudu, na katika yote ninayoyafundisha hakuna kinachowachanganya wanafunzi kama hiki.

Aliyetamka jambo hili kwanza kuhusu nyuki ni padri Jan Dzierżon, mfugaji wa Silesia, mwaka 1845. Wengi walimpinga. Baadaye alipata malkia wa Kiitalia, ambao ni wa njano, wakapandana na madume weusi wa Kijerumani. Vibarua waliozaliwa walikuwa mchanganyiko, lakini madume walitoka wa njano kama mama yao. Mwaka 1856 Carl von Siebold alichapisha uchunguzi wake wa mayai kwa hadubini: yaliyotoka vijumba vya vibarua, yaani vitundu vya sega wanamolelewa, alikuta mbegu za kiume ndani yake, na yaliyotoka vijumba vya madume hakukuta kitu.

Malkia ndiye anayeamua. Hupandana na madume kadhaa katika siku zake za mwanzo, akahifadhi mamilioni ya mbegu kwenye kifuko kilicho tumboni, na kuzitumia kwa uchache kwa miaka. Kabla ya kutaga hutumbukiza kichwa na miguu ya mbele ndani ya kijumba na kupima upana wake. Kijumba kikiwa chembamba, yai hupitishwa kwenye mbegu. Kikiwa kipana, hupita kavu. Wajenzi wa vijumba ni vibarua, kwa hiyo hata uamuzi huo wa malkia umeshawekewa mipaka na binti zake.

Hapa watu wengi huishia na kuamini kwamba seti moja ni dume, seti mbili ni jike, mambo yamekwisha. Hayajaisha. Mwaka 1943 P. W. Whiting, aliyekuwa akichunguza nyigu mdogo wa Habrobracon, alionyesha kwamba kinachoamua si idadi ya seti. Kuna sehemu moja ya urithi yenye matoleo mengi. Ukirithi matoleo mawili tofauti, unakuwa jike. Ukiwa na toleo moja tu, unakuwa dume. Na ukirithi mawili yanayofanana, unakuwa dume vilevile, ingawa una baba na mama. Kwa nyuki jeni yenyewe, inayoitwa csd, ilipatikana mwaka 2003 na Martin Beye na wenzake. Kanuni hii haiwashiki wote, maana nyigu wa Nasonia wana njia nyingine kabisa, lakini inaeleza mengi.

Inaeleza, kwa mfano, sega lenye mapengo. Ukiinua sega la majana (watoto wa nyuki) lenye afya, vifuniko vimejipanga mfululizo na kijumba kitupu ni cha kutafuta. Malkia aliyepandana na dume mwenye toleo linalofanana na moja ya matoleo yake hutaga mayai ambayo, kati ya yale yaliyorutubishwa kwa mbegu za dume huyo, nusu huwa madume wenye seti mbili. Sega lake linakuwa na kijumba kilichofunikwa, kitupu, vitupu viwili, kilichofunikwa. Anayetazama hufikiri malkia anaruka vijumba. Jerzy Woyke alithibitisha mwaka 1963 kwamba mayai yote yalikuwepo na yakaanguliwa. Vibarua waliwatambua majana hao saa chache baada ya kuanguliwa, wakawala. Alipowalea mbali na vibarua, walikua wakawa madume. Sisimizi Solenopsis invicta hawana ukali huo. Walipoingia Marekani kutoka Amerika Kusini walikuja wachache, matoleo mengi yakapotea njiani, na leo makundi yao kule huwalisha madume wa seti mbili wasio na faida yoyote.

Sasa nije kwenye hesabu iliyolipa somo hili umaarufu. Mwaka 1964 mwanabiolojia William Hamilton alionyesha kwamba dada wa baba na mama mmoja, katika mpangilio huu, wana undugu (sehemu ya urithi wanayoshiriki) wa 3/4, kwa sababu nusu inayotoka kwa baba wanaipata yote kwa pamoja. Mama na binti wana 1/2 tu. Basi, wengi walisema, ndiyo maana kibarua anaacha kuzaa na kumlea dada yake: dada anamfaa kuliko binti. Hoja inavutia mno, na bado nakutana nayo kwenye mihadhara ikitolewa kana kwamba imemaliza kila kitu.

Mimi sikubaliani. Kwanza, undugu wa kibarua na kaka yake ni 1/4, na faida ya dada huliwa na hasara ya kaka pale kundi linapolea wote kwa usawa. Pili, malkia wa nyuki wa asali hupandana na madume wengi, hivyo dada wengi mzingani wamechangia mama tu. Tatu, mchwa na fuko wasio na manyoya wana seti mbili jike kwa dume, na wanaishi kwa vibarua vilevile. Huku nyigu walio wengi, wenye mpangilio uleule wa dume asiye na baba, huishi peke yao. Utafiti wa mwaka 2008 wa William Hughes na wenzake uliofuatilia asili ya nyuki, nyigu na sisimizi wanaoishi kwa vibarua ulikuta kwamba mababu zao walianza na malkia wa dume mmoja. Kilichohitajika mwanzoni, kwa maoni yangu, ni uaminifu huo.

Hesabu ya Hamilton hufanya kazi nzuri zaidi mahali pengine. Vibarua wa nyuki wana mayai, na wanaweza kutaga madume bila kupandana. Mama yao akiwa amepandana na madume zaidi ya wawili, kila kibarua ana undugu mkubwa na kaka zake kuliko na watoto wa dada zake. Basi wanalindana, kila mmoja akimzuia mwenzake kutaga. Kibarua akipita kwenye sega huingiza kichwa kijumbani, hulipapasa yai kwa papasi, na likiwa la mwenzake hulibana kwa taya na kulila. Francis Ratnieks na Kirk Visscher walilionyesha hilo mwaka 1989. Katika mzinga wenye malkia, dume mmoja hivi kati ya elfu ndiye mwana wa kibarua. Mwaka 2006 Tom Wenseleers na Ratnieks walilinganisha spishi 9 za nyigu pamoja na nyuki wa asali: ulinzi ukiwa mkali, vibarua wachache hujaribu kutaga. Undugu wa karibu haukuwafanya wajitolee zaidi. Walizuiwa na wenzao.

Nyuki wa Rasi, Apis mellifera capensis, kusini mwa Afrika Kusini, ameukwepa ulinzi huo. Kibarua wake hutaga yai lisilorutubishwa likatoka jike, kwa sababu seti mbili za mama huungana tena ndani ya yai, na matoleo mawili tofauti ya csd yanabaki. Mwaka 1990 wafugaji waliihamisha mizinga yao kaskazini, kwenye eneo la nyuki wa jamii nyingine, scutellata. Vibarua wa Rasi wakaingia mizinga ya wenyeji, wakataga, na mayai yao yakapita bila kuliwa. Wanaozaliwa hawaendi malishoni, hutaga tu. Chavua na nekta hazifiki, kundi linakufa, nao wanahamia mzinga mwingine. Wavamizi wote wa ukoo huo ni nakala za kibarua mmoja wa wakati ule, na mizinga ya scutellata iliyokufa imehesabika kwa maelfu.