Hii nayo ni a, mwalimu

Juzi mpwa wangu wa darasa la kwanza karudi na daftari lililokatwa kwa kalamu nyekundu. Kaandika "dada" kwa a zenye kikofia, yaani kile kijikono kinachoinamia juu ya tumbo la herufi, vilevile zilivyo kwenye kitabu chake cha kusoma. Pembeni mwalimu kaandika: "Hii siyo a." Mimi kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu vya shule, na maneno hayo nimeshayasikia hadi kwa wahariri. Nimechoka.

Ni a. Zote mbili, yenye kikofia na ile ya duara anayoitaka mwalimu. Fungua kompyuta, andika "baba" kwa Times New Roman, kisha yalaze maandishi (italiki). Umeona? Kikofia kimeondoka, imebaki ile ya duara na mguu. Sasa jaribu kwa Arial: kikofia kipo, herufi imeinama tu. Herufi za mlazo zilitokana na mwandiko wa haraka wa Italia. Mchapishaji Aldus Manutius alichapa nazo kitabu kizima Venice mwaka 1501, zikiwa zimechongwa na fundi Francesco Griffo. Mkono wenye haraka hauna muda wa vikofia. Zile za kusimama zilifuata mwandiko wa makarani wa enzi za Charlemagne, mfalme wa Ulaya wa karne ya nane na tisa, mwandiko ambao wasomi wa Italia waliuiga wakidhani ni wa Warumi wa kale. Kwa hiyo hata a ya kitabuni imetufikia kwa kukosea.

Habari za g yenye matumbo mawili tuziache, hatutalala.

Kinachoniudhi zaidi ni hili ninaloambiwa kazini: "Basi weka fonti (aina ya herufi za kompyuta) yoyote yenye a ya duara." Yoyote? Ipo fonti Andika ya SIL, shirika la masuala ya lugha, jina lake Kiswahili kabisa, iliyotengenezwa kwa wanaoanza kusoma. Humo a ni ya duara na mguu, na I kubwa, l ndogo na 1 havichanganyiki. Naitumia. Lakini chukua fonti nyingine, Futura ya 1927: a yake ni duara na kijiti, basi. Ichapishe ndogo kwa wino hafifu, kijiti kinamezwa, na "dada" inakuwa "dodo". Mtoto anasoma embe. Hicho kikofia mnachokikata ndicho kinachoitenga a na o.

Hata Andika yenyewe inanitia wasiwasi. Mtoto akitoka darasani anakutana na vikofia kwenye gazeti, kwenye mfuko wa unga, kwenye simu ya mama yake. Kuna siku naona bora aonyeshwe zote mbili wiki ya kwanza, yaishe. Halafu namtazama mpwa wangu, ulimi nje, anahangaika na kikofia cha a moja hadi karatasi inatoboka, namwelewa mwalimu.