Wingu likifunga usikunje tripodi: dhana potofu kuhusu picha za machweo baharini

Dhana inayonikera kuliko zote ni hii ya kwamba mawingu yanaua machweo. Anga tupu ndo inayochosha, jua linazama, rangi ya chungwa kidogo, basi. Rangi inahitaji pa kuangukia, na pa kuangukia ni kwenye wingu, kwahiyo ukiwa Forodhani au Kendwa, fukwe za Zanzibar zinazotazama magharibi, kipindi cha masika usiangalie juu ya kichwa chako, angalia magharibi kule chini kabisa bahari inapokutana na mbingu, kama kuna upenyo hata mwembamba subiri, jua likifika hapo mwanga unapita chini ya mawingu na tumbo lote la wingu linawaka. Pakiwa pamezibwa kabisa haya, nenda nyumbani.

Na likishazama usiondoke! Wengi wanapiga picha mbili tatu za jua wanaenda zao kula urojo, wakati rangi nzito mara nyingi inakuja dakika kumi hivi baadaye. Ila huku karibu na ikweta giza linawahi, una kama dakika 20 tu.

Afu kuna wale wa Paje, Jambiani, Coco Beach, Nyali, "sisi pwani yetu inatazama mashariki, machweo ya bahari hatuna". Ni kweli jua linazama nyuma ya minazi, lakini hebu lipe mgongo uone. Kama mvua inanyesha huko baharini na jua nyuma yako halijazibwa, upinde wa mvua unatokea upande wa pili wa jua, na jua likiwa chini kabisa unasimama karibu nusu duara nzima juu ya maji, saa saba mchana ukiwa ufukweni huupati sababu jua liko juu mno. Chini yake ngalawa inarudi, tanga limepigwa na mwanga na wingu nyuma jeusi tii. Mimi hiyo siibadilishi na jua jekundu la postikadi.

Kuhusu mawimbi, watu wanaamini shata, yaani kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, ikikaa wazi muda mrefu ndo picha inakuwa ya kitaalamu. Sekunde 30 bahari iliyochafuka inageuka ukungu, dhoruba yote imepotea. Jaribu nusu sekunde mpaka sekunde moja, bonyeza wimbi linaporudi, utapata michirizi ya povu kwenye mwamba. Kwenye simu gusa penye mwanga, shusha ekspoja, yaani kiasi cha mwanga kwenye picha. Na chumvi ikirukia lenzi usiisugue kavu, inakwaruza, anza na kitambaa kilicholoweshwa maji ya kunywa.

Sasa radi, hapa naomba tusikilizane. "Mvua haijafika huku, niko salama" sio kweli, radi inaweza kupiga zaidi ya kilomita 10 kutoka inaponyesha, ukisikia ngurumo ujue tayari inakufikia. Chuma cha tripodi hakivuti radi na ndala za mpira hazikukingi, shida ni wewe kusimama peke yako mrefu kuliko kila kitu kwenye mchanga, na chini ya mnazi ndo usithubutu kabisa. Ingia ndani ya nyumba au gari, funga vioo, kaa dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, hata kama rangi ndo kwanza inaiva huko nje.