Je, wajua kwa nini semafo moja haitoshi programu mbili zinapopeana data?

Kila programu inayoendeshwa ina kumbukumbu yake, na haioni ya mwenzake. Zikitaka kupeana data kwenye Linux, shm_open hufungua eneo la pamoja, ftruncate huliwekea ukubwa, na mmap yenye MAP_SHARED huliingiza ndani ya kila programu. Ukisahau ftruncate, eneo jipya lina baiti 0, na programu huuawa kwa SIGBUS (ishara ya kosa la kumbukumbu) pale tu inapoligusa.

Tuseme eneo hilo lina nafasi 8. Programu moja, mzalishaji, inajaza; nyingine, mlaji, inatoa. Hapo ndipo semafo, aliyoibuni Mholanzi Edsger Dijkstra miaka ya 1960, inapohitajika. Ni hesabu tu: sem_wait huipunguza kwa 1, sem_post huiongeza. Ikiwa 0, anayeita sem_wait hulazwa mpaka mwingine aiongeze.

Tunahitaji tatu: tupu (huhesabu nafasi zilizo wazi) ianze na 8, zimejaa (huhesabu zenye data) ianze na 0, kufuli (huruhusu mmoja tu kwa wakati) ianze na 1. Mzalishaji hupita hivi:

sem_wait(tupu)
sem_wait(kufuli)
… andika …
sem_post(kufuli)
sem_post(zimejaa)

Mlaji huanza na zimejaa na kumalizia na tupu.

Geuza mistari miwili ya kwanza uone. Nafasi zote 8 zimejaa. Mzalishaji anashika kufuli, kisha analala akingoja nafasi tupu. Mlaji anapita zimejaa bila shida, anafika kwenye kufuli, nalo limeshikwa na aliyelala. Wote wawili wamekwama, tena bila ujumbe wowote wa kosa. Mpangilio wa sem_post hauleti mkwamo huu, kwa sababu sem_post haimngoji mtu.

(Mzalishaji akiwa mmoja na mlaji mmoja, kila mmoja na faharasa yake (namba ya nafasi anayofuata), kufuli si lazima. Wazalishaji wakiwa wawili, bila kufuli wanaweza kuandika juu ya nafasi ileile.)

Ukitumia sem_init kuanzisha semafo, iweke ndani ya eneo la pamoja lenyewe, na hoja ya pili iwe 1. Ikiwa 0, semafo ni ya nyuzi (kazi zinazoendeshwa sambamba) za programu moja tu. Usihifadhi humo pointa (anwani ya kumbukumbu) pia, kwani mmap yaweza kuliweka eneo kwenye anwani tofauti kwa kila programu. Hifadhi faharasa.

Programu ikiuawa ikiwa imeshika kufuli, semafo hubaki 0, maana haijui nani aliishika. Na semafo yenye jina, inayofunguliwa kwa sem_open, haifi na programu: sem_open ikiikuta ipo, hupuuza thamani ya kuanzia uliyoipa. Ifute kwa sem_unlink kabla ya kuanza upya.