Wenyeji siyo mapambo: maneno ya uongo kuhusu utalii wa kiroho

Utalii endelevu kila mtu anaupenda mdomoni, ila ukifika kwenye safari za kiroho, yaani hija, misitu ya mizimu, milima mitakatifu, mahekalu na kadhalika, mengi yanayosemwa ni ya kukariri tu na yanawaumiza watu wanaoishi pale. Napitia yale yanayoniuma zaidi, mengine nitayagusa kidogo.

Eti kushirikisha jamii ni kuajiri vijana na kuita wazee kikaoni

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Ajira ni kitu kizuri, hakuna anayekataa, lakini mtu anaweza kuajiriwa kubeba mizigo ya wageni kwenye mlima wa mababu zake na asiwe na kauli hata moja kuhusu nani aupande na lini. Na vikao tunavijua, wazee wanaitwa, wanasaini mahudhurio, wanapewa nauli, halafu wanaambiwa mradi unaanza mwezi ujao, hapo wameshirikishwa nini sasa? Wamepewa taarifa tu. Mimi napima kwa swali moja: wakisema hapana, mradi unasimama au unaendelea?

Angalia Uluru, lile jabali jekundu la Australia. Waanangu, wenyeji wa asili wa pale, walirudishiwa hati ya ardhi yao mwaka 1985, wakaikodisha kwa serikali kwa miaka 99 ili ibaki hifadhi ya taifa, kwenye bodi ya hifadhi wao ndio wengi, na sehemu ya hela ya kiingilio inakwenda kwao. Kwenye karatasi huo ni ushirikishwaji wa hali ya juu. Lakini watu waliendelea kulipanda jabali miaka na miaka baada ya hapo, kwenye njia ambayo kwa Waanangu inahusiana na mapito ya wahenga wao wa enzi za uumbaji, na mabango ya kuomba wageni wasipande yalikuwepo pale chini kabisa, mtu anasoma anapita. Zaidi ya watu 30 wamefia kwenye kupanda kule, na kila mgeni akifa wenyeji ndio wanaobeba huzuni maana kwa mila yao mgeni akiwa kwenye ardhi yako usalama wake ni jukumu lako. Mwaka 2017 bodi ikaamua njia ifungwe, na kupanda kukakoma rasmi tarehe 26 Oktoba 2019. Hesabu mwenyewe, kutoka 1985 mpaka 2019! Kwa hiyo mtu akikwambia jamii ina viti kwenye bodi muulize pia hivyo viti vimeweza kuzuia nini.

Eti ukiweka masharti watalii watakimbia

Kabla kupanda Uluru hakujafungwa maneno yalikuwa hayo hayo, kwamba nani atasafiri umbali wote ule jangwani kuja kuangalia jiwe asilolipanda. Wakati huo mpango wa hifadhi wa mwaka 2010 ulishasema kupanda kunaweza kufungwa wapandaji wakishuka chini ya asilimia 20 ya wageni, na mpaka 2015 walikuwa kama asilimia 16 tu. Wageni wenyewe walishabadilika, wengi waliposoma lile bango walielewa.

Halafu kuna kaya za Wamijikenda, misitu ya wahenga iliyosambaa kama kilomita 200 kwenye pwani ya Kenya, iliyoingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Kaya Kinondo kule Kwale imefunguliwa kwa wageni, ila unaingia kwa masharti ya wazee: unafungwa kaniki kiunoni, unaongozana na mwenyeji, huchumi hata jani na hutoki na kitu. Kaya nyingine mgeni haingii kabisa, na hapo ndipo napenda, maana wenyewe wamechagua mlango upi uwe wazi na upi ufungwe. Misitu yenyewe imesalimika kwa sababu ya miiko hiyo hiyo, pembeni yake miti imeshakatwa zamani.

Eti msafiri wa kiroho ni mpole, hachafui, haharibu

Nia njema haipunguzi taka jamani. Watu laki moja wanaosali wanahitaji vyoo, maji na pa kulala sawasawa na laki moja waliokuja kuogelea. Kedarnath, hekalu la Wahindu lililo zaidi ya mita 3,500 milimani kule Uttarakhand, India, mahujaji waliongezeka, nyumba za wageni zikajengwa ovyo mpaka kingo za mito, na Juni 2013 mafuriko yakaja yakasomba majengo na watu, maelfu walikufa. Mvua ndiyo iliyoanzisha, ila kujenga ovyo kulizidisha maafa. Pale uwezo wa mahali kubeba watu ulitakiwa uhesabiwe mapema, na wanaoujua mto ni wale waliozaliwa pembeni yake.

Eti ni kwa waumini tu

Hapa sikai sana. Ofisi ya mahujaji kule Santiago de Compostela, Hispania, mji ambao njia ya zamani ya hija ya miguu inaishia, inakuuliza umetembea kwa sababu gani, na wapo wengi wanaojibu siyo dini, au dini pamoja na mengine. Kinachonivutia zaidi ni nani aliyeifufua ile njia. Miaka ya themanini padri mmoja wa kijijini O Cebreiro, Elías Valiña, alizunguka akipaka mishale ya njano kuonyesha njia, na watu wa vijijini wakapokea wapitaji. Mwaka 1985 vyeti vya kumaliza hija vilivyotolewa pale havikufika hata elfu moja, mwaka 2023 vilipita 440,000. Sasa kwa sababu cheti kinataka kilomita 100 za mwisho kwa miguu, wengi wanaanzia Sarria, kipande cha mwisho kinafurika na vijiji vya mbali zaidi nyuma vinaona sehemu ndogo tu ya watu hao. Kasheria kadogo kama hako kanaamua nani apate na nani akose.

Eti wenyeji wa kweli hawapokei hela

Hili linanikasirisha kabisa. Kampuni inachaji safari ya kiroho hela nyingi, mtunza hekalu akiomba ada anaambiwa amekuwa mfanyabiashara! Wanaotunza nao wana watoto na wana paa za kuezeka. La muhimu ni wao kuamua kipi kinalipiwa na kipi hakiuzwi kwa bei yoyote. Bhutan inawatoza watalii wengi wa nje dola 100 kwa usiku mmoja tangu 2023, hela inakwenda serikalini kwa mambo kama afya na elimu, lakini kupanda milima mirefu ilishapiga marufuku tangu 1994, na 2003 ikafunga upandaji wa milima kabisa, kwa heshima ya imani za watu wa milimani, na Gangkhar Puensum, mita 7,570, mpaka leo hakuna aliyefika kileleni hata uwe na dola ngapi.

Eti heshima ni kuvaa vizuri na kunyamaza

Kuvaa vizuri vaa, ila heshima kubwa iko kwenye ratiba na simu yako. Kuna sehemu za Uluru wanaomba usipige picha kabisa, na picha ikishaingia mtandaoni hairudi. Kule Marekani kuna mnara wa mwamba unaoitwa Devils Tower, Walakota wanauita Mato Tipila, tangu 1995 hifadhi inawaomba wapandaji wauache mwezi wa sita kwa ajili ya ibada za makabila ya pale. Ni ombi tu, hakuna faini, wengi wanaliheshimu na wengine bado wanapanda mwezi huo huo wakati watu wako chini wanasali. Kwa hiyo kabla hujalipia safari uliza wenyeji wana ibada lini, hata kama wakala anakwambia tarehe zote ziko wazi.