Majilio Katika Nyumba Yenye Msiba

Desemba ikianza, mabasi ya kuja Moshi hujaa. Watu wanarudi nyumbani Rombo, Marangu, Machame, Kibosho. Kwa familia iliyozika mwaka huu, siku hizi huweza kuwa nzito kuliko hata wiki ya msiba. Wakati ule watu walikuja kulia nao. Sasa wanakuja kusherehekea, na kaburi liko palepale kihambani, kwenye shamba la nyumbani, saruji yake bado mpya.

Sisi tunaowahudumia wagonjwa na wafiwa huulizwa kila mwaka: mtu aliyemzika mwanawe ataimbaje habari za furaha? Swali hilo halina ukosefu wa imani ndani yake.

Tazama Majilio yenyewe, majuma ya kuingoja Krismasi. Rangi yake ni zambarau, rangi ya toba na kungoja. Katikati ya zambarau hiyo Kanisa likaiweka Jumapili ya tatu, Jumapili ya furaha, kwa maneno ya Wafilipi 4:4: "Furahini katika Bwana sikuzote." Mtume Paulo aliyeyaandika alikuwa kifungoni. Yohana Mbatizaji naye, katika Mathayo 11, yuko gerezani anatuma watu kumwuliza Yesu kama ndiye yule ajaye, au wamtazamie mwingine. Nabii mzima anauliza hivyo! Yesu hakumkemea. Alimpelekea habari za yanayotendeka: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa habari njema. Yohana hakufunguliwa, aliuawa humohumo. Lakini yule ambaye Yohana alimtangaza alikuwa amekuja kweli, na hapo ndipo furaha yetu iliposimama. Mtu anaweza kuwa nayo huku machozi yanamtoka. Yesu mwenyewe alilia akienda kaburini kwa Lazaro, ilhali alijua atamfufua muda mfupi baadaye.

Kwa hiyo nawasihi ndugu na majirani: acheni kumwambia mfiwa "jikaze" au "kazi ya Mungu haina makosa". Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hilo ndilo jema kubwa walilomfanyia. Walipofungua vinywa ndipo walipomwumiza. Mfiwa asiyetaka kwenda kwenye sherehe ya ubarikio (kipaimara) ya jirani aachwe apumzike. Anayetaka kumtaja marehemu mezani asikilizwe, na watoto nao wasinyamazishwe.

Taji la mishumaa tunaloliona kanisani lilianza Hamburg mwaka 1839, Johann Hinrich Wichern alipowawashia watoto maskini aliowalea mshumaa mmoja kila siku, wapate kuhesabu siku za kuingoja Krismasi. Familia inaweza kufanya hivyo nyumbani: kila Jumapili kuwasha mshumaa, kulitaja jina la aliyeondoka, kusoma Isaya 40, kuomba kwa kifupi. Dakika kumi zinatosha. Anayeshindwa kuomba, wengine wamwombee.

Kuna huzuni inayohitaji tiba pia. Miezi sita ikipita na mtu bado hali chakula vizuri, hapati usingizi, hawezi kazi, au uchungu ni uleule wa siku ya kwanza, mpelekeni hospitali aonane na wataalamu wa afya ya akili. Akisema anatamani kumfuata marehemu, msingoje Krismasi ipite: mpelekeni siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake njiani wala nyumbani.