Donge la damu baada ya upasuaji wa mguu: ni nini, na hudhibitiwaje

Donge la damu ni damu iliyoganda ndani ya mshipa ambamo ilipaswa kupita tu. Kwa aliyepasuliwa paja, nyonga au muundi, linalohofiwa zaidi ni lile linalojijenga kwenye vena za ndani ya mguu, zile zinazorudisha damu moyoni.

Sababu zake ni tatu, na zimebeba jina la Rudolf Virchow, daktari Mjerumani wa karne ya 19: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Aliyevunjika mguu anazo zote kwa mpigo. Ajali imeumiza mishipa, mwili umejihami ili asivuje damu, naye amelala kitandani. Misuli ya shavu la mguu ndiyo husukuma damu ipande juu. Mguu ukiwa ndani ya hogo, yaani plasta ngumu, misuli hiyo imelala pia.

Kipande cha donge kikimeguka, hupita moyoni na kuziba mshipa wa mapafu. Mtu hubanwa pumzi ghafla, kifua humchoma akivuta hewa, pengine hukohoa damu au kuzirai. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kuchua. Mgonjwa karudi nyumbani, mguu umevimba, na shangazi kashafika na maji ya moto na mafuta ya nazi. Uvimbe kidogo baada ya upasuaji ni kawaida, ndiyo maana watu hawaushtukii. Wa kutilia shaka ni ule unaozidi badala ya kupungua, shavu la mguu likiuma na kupata joto. Mguu huo usichuliwe wala kukandwa, maana donge linaweza kung'oka. Upelekwe kupimwa kwa ultrasaundi ya Dopla, kipimo kinachoonyesha jinsi damu inavyopita mshipani.

Kinga huanzia wodini: kuchezesha kifundo cha mguu daktari akiruhusu, kushika magongo mapema, na sindano ya enoxaparin, dawa ya kuzuia damu isigande, chini ya ngozi ya tumbo. Sindano hizo si rahisi kwa mfuko wa wengi. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotoka mwaka 2023, wenye wagonjwa 12,211 wa mivunjiko, ulikuta kwamba waliomeza aspirini hawakufa kwa wingi kuliko waliochomwa enoxaparin, ingawa madonge ya mguuni yalikuwa mengi kidogo kwao. Kwa hospitali zetu hiyo ni habari njema, ila uamuzi ni wa daktari. Aspirini ina hatari ya kutoa damu tumboni.

Donge likishajijenga, dawa za kuzuia damu isigande hutumika kwa kawaida miezi 3 au zaidi. Haziliyeyushi, huzuia lisikue huku mwili ukilisaga wenyewe. Mojawapo, warfarini, ni ya bei nafuu lakini inataka kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, mara kwa mara, kwa kawaida kibaki kati ya 2 na 3. Mchicha na sukuma wiki zina vitamini K inayopunguza nguvu yake. Usiziache, kula kiasi kilekile kila wiki. Na diklofenaki ya kutuliza maumivu, ile tunayonunua dukani bila cheti, usiichanganye na warfarini: huongeza hatari ya kuvuja damu.