Vita Vikikaribia, Msizime Muziki wa Jioni

Mapigano yakianza kusogea Goma au Bukavu, mashariki mwa Kongo, wakurugenzi wa redio ndogo huja na uamuzi uleule: "Jioni tumeondoa muziki. Watu wanakufa, sisi tutapigaje rumba? Kuanzia leo ni habari tu mpaka saa tatu usiku." Nia yao ni njema. Lakini uamuzi huo huharibu kipindi cha jioni kila mara, tena kwa njia ileile, na inachosha kuueleza upya kila vita vinapopamba moto.

Dhana: wakati wa vita, habari mfululizo ndiyo huduma, muziki ni kukosa heshima

Hesabuni kwanza. Chumba cha habari chenye watu wanne, pikipiki moja na simu mbili, kwa jioni moja hupata dakika kumi za habari zilizothibitishwa. Siku nzuri sana, kumi na tano. Ukiondoa muziki katika saa tatu za matangazo, hizo dakika nyingine zote zitajazwa na nini? Kwanza habari ileile itarudiwa hadi msikilizaji adhani ni shambulio jipya. Kisha laini za simu zitafunguliwa, na mtu wa Sake au Kavumu ataeleza hewani alichoambiwa na shemeji yake. Saa mbili haijafika, redio imeshakuwa kipaza sauti cha uvumi, na familia zinafunga magodoro.

Muziki ndio unaompa mhariri muda wa kuuliza. Rumba yenye seben yake, yaani ile sehemu ya mwisho ya gitaa na kucheza, ina dakika saba au nane. Katika muda huo anapiga simu kwa chifu wa kata, kwa muuguzi wa kituo cha afya na kwa dereva aliyepita barabara ile mchana. Wawili wasiojuana wakisema jambo moja, linasomwa. Wakitofautiana, linangoja wimbo mwingine.

Kipindi cha saa moja cha jioni kipangwe hivi, na kisibadilike hata siku moja:

Saa 12:00 kamili, kiashiria cha kituo, yaani mlio wa kukitambulisha, sekunde 15 hadi 20, kilekile kila siku. Vichwa vya habari dakika mbili. Nyimbo mbili. Saa 12:20 taarifa za huduma: barabara ipi inapitika, maji yanapatikana wapi, boti za ziwani zinaondoka au la, hospitali ipi inapokea majeruhi. Wimbo mmoja. Saa 12:35 habari kamili, dakika kumi, zisizidi. Muziki tena. Saa 12:57 vichwa vinarudiwa kwa aliyechelewa.

Saa hizo zisichezewe, kwa sababu msikilizaji anahesabu betri. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilikaa siku kadhaa bila umeme wala maji ya bomba. Katika hali hiyo mtu hawashi redio saa tatu mfululizo. Anaiwasha dakika tano, anasikia, anazima. Akiwasha saa 12:35 akakuta habari, kesho atarudi. Akikuta mjadala usio na mwisho, atamwendea jirani mwenye WhatsApp.

Leningrad, mji wa Kisovieti uliozingirwa na Wajerumani kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944, ulilifahamu hilo vizuri sana. Kati ya vipindi, redio ilirusha mapigo ya metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mdundo: ya polepole yakimaanisha anga ni shwari, ya haraka yakimaanisha ndege za mabomu zinakuja. Tarehe 9 Agosti 1942, kati ya njaa ile, okestra ya redio ilipiga simfoni nzima, ikasikika hadi kwenye vipaza sauti vya mitaani. Walioiandaa hawakuona kuwa ni kukosa heshima kwa wafu.

Lakini si kila wimbo unafaa, na hapa ndipo watangazaji wetu wanapoteleza. Sikilizeni wimbo mzima kabla ya jioni, hasa seben. Mabanga, yaani majina ya watu wanaosifiwa, hutupwa huko mwishoni: jina la jenerali, la mbunge, la mfanyabiashara aliyelipa. Mwaka ule wimbo ulipotoka lilikuwa jina tu. Leo mwenye jina ana askari upande mmoja wa mstari wa mapigano, na kituo chenu kimeshahesabiwa kuwa cha upande huo. Kateni wimbo kabla ya jina, kwa kushusha sauti taratibu ndani ya sekunde nne au tano, au chagueni mwingine. Ondoeni pia nyimbo zenye milio ya risasi au ving'ora. Mtoto aliyelala chini ya kitanda hajui kuwa ni studio. Sauti ya muziki isizidi ya msomaji. Muziki ukilipuka, mama anapunguza sauti ili watoto wasiamke, na habari inapoanza haisikii.

Asije mtu akasema muziki hauna ubaya wowote. RTLM ya Kigali, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoanza Julai 1993, ilivuta vijana kwa muziki mzuri, kisha katikati ya nyimbo ikawapa chuki. Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa kule Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili. Kinachosemwa kati ya wimbo na wimbo kinaingia katika masikio ambayo muziki umeshayafungua. Kwa hiyo mtangazaji wa muziki naye asome kilichoandikwa na kuhaririwa, asibuni maneno hewani.

Dhana: muziki bila sauti ya mtu maana yake mji umeanguka

Mara nyingi maana yake ni kwamba mtangazaji amewahi nyumbani kabla ya saa ya kutotembea, na kompyuta inaendelea na orodha yake. Dawa ni rahisi: rekodini sekunde kumi za kutaja jina la kituo na saa ya habari ijayo, ziingie kila baada ya nyimbo tatu. Na mkifunga, fungeni kwa wimbo uleule wa kufungia, saa ileile. Redio inayozimika katikati ya wimbo bila kuaga huhamisha mtaa mzima.

Dhana: salamu na nyimbo za kuombwa ni burudani tu

Wimbo wa kuombwa unaweza kuwa ishara ya siri. Usiku wa kuamkia 25 Aprili 1974 nyimbo mbili kwenye redio za Ureno ziliwaambia wanajeshi waanze mapinduzi. Hilo liliwezekana kwa sababu maofisa walikubaliana mapema wimbo upi na saa ipi. Marekani ililiona hilo mapema: mwongozo wake wa Januari 1942 ulizitaka redio zisipokee maombi ya nyimbo kwa simu wala telegramu, na yanayokuja kwa barua yakae kwa muda usiotabirika. Fanyeni vivyo hivyo. Salamu zipokelewe leo, zisomwe siku nyingine, bila namba za simu, bila majina ya mitaa, na kamwe msiahidi saa.

Dhana: tukiongeza wati tutafika Masisi na Walikale

Hamtafika. FM hunyooka, mlima ukisimama, imekwisha. Kutoka wati 250 kwenda 500 mnapata desibeli 3 (kipimo cha nguvu ya ishara), ongezeko dogo, na jenereta inakunywa zaidi. Angalieni kebo kwanza: mita 30 za RG-213, kebo ya kawaida ya antena, hula takriban desibeli 2, yaani karibu wati 90 kati ya 250 zinaishia kuwa joto. Nunueni kebo nene, pandisheni antena, wekeni dipoli (antena za fimbo mbili) nne badala ya moja.

Wala FM haiendi mbali zaidi usiku. Hiyo ni tabia ya mawimbi ya kati na baadhi ya mawimbi mafupi, ambayo jua likizama hufika mbali zaidi kwa kurudishwa chini na tabaka za juu za anga. Mtambo wa kilowati 50 wa Léopoldville, ulioanza 1943, ulisikika Ulaya kwa sababu ulikuwa wa mawimbi mafupi.

Dhana: wanajeshi wana mashine ya kujua nani anasikiliza redio gani

Anayerusha anapatikana kirahisi, kwa antena ya kuelekeza tu. Anayepokea, kwa vitendo, hapatikani. Redio ya mkononi huvujisha mawimbi hafifu mno yanayoishia karibu. Kinachowafichua watu ni spika iliyo dirishani. Tumieni visikilizi vya waya: kwenye simu yenye FM, waya huo ndio antena, na ukinyooshwa sentimita 75 hivi unapokea vizuri kuliko ukiwa umekunjwa mfukoni.